Hakuguswa na Mtu, Mbona Goti Limekwenda?

Ilikuwa Jumapili jioni, kwenye uwanja wa vumbi mtaani kwetu, watu wamesogea mpaka wamekanyaga mstari. Winga wa timu ya nyumbani akapokea mpira, akamla beki wa kwanza, beki wa pili akawa anakuja. Kijana akakita mguu wa kulia ili akate kuingia ndani. Hapo hapo akaanguka, kashika goti, mpira ukabiringika wenyewe hadi nje. Yule beki alikuwa bado hatua mbili mbali naye.

Kesi ikaanza kusikilizwa pembeni kabla hata machela haijafika, na machela yenyewe ilikuwa mabega ya wenzake. Mmoja akasema kajirusha, anatafuta faulo. Mwingine akalaumu njumu za mtumba. Wa tatu akadai kijana hafanyi mazoezi, usiku kucha yuko kijiweni. Mzee mmoja aliyekaa juu ya pikipiki yake akaifunga kesi kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa: "Huyo kachezewa." Kwa maana ile nyingine ya kuchezewa.

Baadaye kipimo kikaonyesha kano ya goti imekatika.

Mambo kama haya yakitokea, iwe mchangani au kwenye televisheni, swali huwa lile lile: goti la kijana mwenye afya zake linakatikaje bila kuguswa? Sababu ni nyingi, na viatu na uwanja vimo. Ila ipo moja ambayo wengi hatuitaji, kwa kuwa haiko gotini. Iko juu zaidi, kwenye ubongo, na inahusu muda mfupi sana kabla mguu haujagusa ardhi.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kano ninayoisema hapa ni mkanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Mtaani tunauita mshipa, ingawa mshipa hasa ni wa damu au wa fahamu. Katikati ya goti ziko kano mbili zilizopishana kama herufi X, na ile ya mbele ndiyo watangazaji wanayoiita ACL. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na usijisokote kupita kiasi chini ya paja. Neno la pili ni uchakataji. Ubongo hupokea habari kutoka kwenye macho, masikio, ngozi na misuli, huchuja iliyo ya maana, huamua, kisha hutuma amri. Safari hiyo nzima ndiyo uchakataji. Haina uhusiano na kufaulu hesabu, na nitalirudia hilo mbele kwa sababu ndipo watu wanapopotoka.

Hata hili la "hakuguswa" si kioja cha mchangani. Watafiti waliokaa na picha za video za majeraha 134 ya ACL ya wachezaji wa kulipwa nchini Italia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, waliona kwamba waliogongwa moja kwa moja gotini walikuwa asilimia 12 tu. Asilimia 44 hawakuguswa na yeyote, na asilimia 44 nyingine walisukumwa au kuvutwa sehemu nyingine ya mwili, si gotini. Wapenzi wa kikapu watamkumbuka Derrick Rose. Tarehe 28 Aprili 2012 Chicago Bulls walikuwa mbele kwa pointi 12 dhidi ya Philadelphia 76ers, imebaki dakika moja na ushei. Rose, ambaye msimu uliotangulia alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa ligi akiwa na miaka 22, akaruka kwa miguu miwili na goti la kushoto likamsaliti. Hakuna aliyemgonga.

Hesabu ya muda haikubali

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo, Norway, walichambua video za wanawake 10 wa mpira wa mikono na kikapu waliokatika kano ya goti, wakitumia picha za kamera zaidi ya moja ili kupima pembe za goti hatua kwa hatua. Walikadiria kwamba kano hukatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa sakafu. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Linganisha na kasi ya mwili. Mtu mwenye afya akiambiwa abonyeze kitufe mara tu anapoona taa, na hana kazi nyingine yoyote, huchukua kama milisekunde 200. Akipewa taa mbili na vitufe viwili achague, huchelewa zaidi. Hata ule mshtuko wa misuli unaoamriwa na uti wa mgongo bila kuusubiri ubongo unahitaji makumi kadhaa ya milisekunde kuanza, na msuli nao unahitaji muda wake mpaka ukaze kweli kweli. Ukijumlisha, kano imekwisha kwenda.

Kwa hiyo mchezaji hawezi kuliokoa goti baada ya kukanyaga vibaya. Mguu ukishafika chini, mambo yameamuliwa. Goti linaokolewa kabla, mguu ukiwa bado hewani, kwa misuli kukazwa mapema kulingana na kile ubongo unachotabiri kitatokea.

Kama utabiri huo unaonekana jambo la ajabu, kumbuka siku uliyoinua dumu la lita 20 ukidhani limejaa, kumbe kuna mtu kalimwaga. Mkono uliruka juu, ukataka kuanguka chali. Kwa nini? Kwa sababu mgongo, bega na kiganja vilishapewa amri ya kubeba kilo 20 kabla hujaligusa. Ubongo haukusubiri kupima uzito, uliukisia. Au ile ya kushuka ngazi umeme umekatika: unadhani imebaki daraja moja, kumbe umeshafika chini. Mguu unatua kwa kishindo kinachopanda mpaka kwenye meno. Ngazi ni fupi na goti halikudhurika, lakini umeonja kinachotokea pale mguu unapotua bila kuandaliwa. Mchezaji anayekimbia kwa kasi yake yote, kisha akakita mguu mmoja ili ageuke, anaonja hicho hicho kwa uzito unaozidi wa mwili wake mara kadhaa.

Uzoefu wa miaka ndio unaofanya makisio haya yawe sahihi. Mtu aliyeruka na kutua mara elfu kumi ana kumbukumbu ya kutua iliyokaa vizuri, haihitaji kufikiriwa. Kazi kubwa hapo inafanywa na ubongo mdogo, ule ulio nyuma chini ya kichwa, unaolinganisha kila mara kilichotarajiwa na kilichotokea. Kukiwa na muda na utulivu, mpango unatoka mzuri. Shida inakuja muda unapokatwa, au macho na fikra zinapokuwa kwingine.

Taa iliyowashwa kwa kuchelewa

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili lilifanyika Australia, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Wanaume waliambiwa wakimbie kisha wakate kona. Mara nyingine walielezwa mapema upande wa kukata. Mara nyingine walikimbia bila kujua, na ishara ya upande ikawashwa wakiwa tayari wanakaribia pale pa kukanyaga. Mtu yule yule, goti lile lile, kasi ile ile. Waliposhtukizwa, nguvu za kulipinda goti pembeni na kulisokota zilipanda, wakati mwingine hadi mara mbili ya zile za kona iliyopangwa.

Hapo misuli haikupungua nguvu kwa dakika tano. Kilichopungua ni muda wa kupanga. Mwili ulipokosa muda, mguu ulikanyaga mahali pabaya, kiwiliwili kikaegemea upande usiofaa, na misuli ikakazwa ovyo bila mpangilio.

Ukiielewa hiyo, utaiangalia chenga kwa jicho jingine. Chenga ni uongo unaosemwa kwa mguu. Winga anamwambia beki "naenda kulia", beki anaamini, anaupanga mwili wake wote kwa ajili ya kulia, kisha katika robo sekunde anatakiwa afute mpango na kuandika mwingine. Wale waliochambua majeraha 134 ya Italia waligundua kwamba hali iliyojitokeza zaidi kuliko zote ni mchezaji aliyekuwa akikaba, yaani anayefuata uamuzi wa mwenzake. Mimi niliyekulia nikimhurumia mshambuliaji peke yake ilibidi nifikiri upya.

Muda ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni umakini, ambao ni mali adimu kama chenji asubuhi. Mfikirie mama lishe mwenye majiko matatu. Kwenye moja kuna ugali, kwenye jingine mchuzi, kwenye la tatu samaki. Anayamudu yote, tena akipiga soga, kwa sababu mikono imezoea. Halafu kwa wakati mmoja anakuja mteja na noti ya elfu kumi anataka chenji, mwingine anauliza maharage yako wapi, simu inaita. Samaki anaungua. Hakuna aliyemwambia mama asahau kupika, ila umakini una kikomo, na ukijaa, kitu fulani kinaachwa kijiendeshe chenyewe.

Uwanjani samaki ndiye goti. Mpira uko hewani, beki anakuja kwa nyuma, mwenzako anaita, kocha anapiga kelele, na huko jukwaani kuna anayemtukana mama yako. Katika majaribio mengi ya maabara watu wameombwa waruke na kutua huku wakihesabu kwa kurudi nyuma, wakidaka mpira, au wakimtazama mtu anayewasogelea, na mara nyingi namna yao ya kutua hubadilika: goti linakunjwa pungufu kuliko inavyotakiwa, linaingia ndani zaidi, ardhi inagongwa kwa nguvu zaidi. Watu hao hao wakitua kimya kimya bila kazi ya pembeni, wanatua vizuri.

Ndiyo maana mtu anaweza kufaulu kila kipimo cha daktari wa timu ndani ya chumba chenye utulivu, kisha akaumia Jumamosi. Kipimo kilipima mwili peke yake.

Je, ni suala la akili ndogo?

Mwaka 2007 Charles Swanik wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na wenzake walitoa utafiti uliozua mjadala ambao haujakwisha. Vyuo vingi vya huko huwapima wanamichezo uwezo wa ubongo kabla ya msimu kuanza, ili likitokea pigo la kichwa pawe na kipimo cha kulinganishia. Watafiti wakachukua matokeo ya wanamichezo 80 ambao baadaye walikatika kano ya goti bila kuguswa, wakayaweka karibu na ya wenzao 80 wanaofanana nao ambao hawakuumia. Walioumia, wakiwa bado wazima siku ya kipimo, walikuwa wazito kidogo: muda wao wa kuitikia ulikuwa mrefu zaidi, kasi ya uchakataji ndogo zaidi, na kumbukumbu ya waliyoyaona na maneno dhaifu kidogo.

Hapa ndipo kijiwe hurukia hitimisho. "Kumbe wanaoumia ni vilaza." Hapana. Kwanza, tofauti hizo ni za wastani wa kundi. Ndani ya waliobaki wazima kulikuwa na wenye kasi ndogo, na ndani ya walioumia kulikuwa na wenye kasi kubwa, hivyo huwezi kuchukua karatasi ya mtu mmoja ukamtabiria goti. Pili, kinachopimwa ni wepesi wa kupokea na kujibu, na huo hubadilika kwa mtu mmoja kutoka wiki hadi wiki. Profesa aliyekesha anaweza kushindwa na mtoto wa darasa la tano aliyelala vizuri.

Usingizi wenyewe una takwimu zake. Utafiti wa mwaka 2014 wa vijana 112 wanamichezo wa shule moja ya Los Angeles ulikuta waliolala chini ya saa 8 kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya waliolala saa 8 au zaidi. Kijana wetu wa mchangani anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa bodaboda, akashinda juani akikwepa malori, kisha saa kumi jioni akavaa njumu, anaingia uwanjani na ubongo ambao tayari umeshafanya kazi ya kutwa. Kocha anaangalia miguu, anaona haijachoka.

Msongo nao uko humo humo. Mwaka 1988 wanasaikolojia wa michezo Jean Williams na Mark Andersen walieleza kwamba mtu mwenye msongo, akikutana na hali ya mashindano, misuli yake hukaza kupita inavyotakiwa na uwanda wake wa kuona hupungua, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Beki anayetoka pembeni haonekani mpaka amefika. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, wachezaji 101 wa mpira wa Kimarekani walifuatiliwa kwa msimu mzima, na majeraha yakaonekana kuongezeka katika wiki za mitihani. Mazoezi yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka kilikuwa madaftari.

Kuhusu wanawake, nalisema kwa ufupi kwa sababu limesemwa ovyo sana. Ni kweli kwamba kwa kila saa ya mchezo wanawake hukatika ACL mara nyingi zaidi ya wanaume. Kombe la Dunia la soka la wanawake la 2023 lilichezwa bila Beth Mead na Leah Williamson wa England na Vivianne Miedema wa Uholanzi, wote kwa sababu hiyo hiyo ya goti. Lakini sababu zake zimesukana: maumbile, viatu vilivyotengenezwa kwa mguu wa mwanamume, viwanja vya makombo, miaka michache ya mazoezi ya nguvu tangu utotoni. Anayekwambia ubongo wa mwanamke ndio mzito anabuni.

Simone Biles hewani

Watu wakisikia "ubongo" na "mchezaji" katika sentensi moja, wengi husikia "woga". Mfano unaoifuta dhana hiyo ni wa Simone Biles. Tarehe 27 Julai 2021, fainali ya timu ya jimnastiki ya Olimpiki ya Tokyo, alikimbia, akajirusha, akitarajiwa kuzunguka mizunguko miwili na nusu hewani. Akazunguka mmoja na nusu, akatua kwa kuyumba, kisha akajitoa. Mitandaoni aliitwa mkimbizi.

Alichoeleza mwenyewe ni kwamba alipotea hewani, hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Wanajimnastiki wanaifahamu hali hiyo na wana jina lake. Katikati ya mzunguko, ile ramani ya ndani inayomwambia mtu mwili wake uko pembe gani inazimika. Misuli iko, mazoezi ya miaka yapo, ila dereva haoni barabara. Na hapa kosa halitishii kano peke yake, linatishia shingo. Wiki moja baadaye, tarehe 3 Agosti, alirudi kwenye boriti na kupata shaba, lakini akashuka kwa mbinu isiyo na kujisokota hewani, tofauti na aliyoizoea. Huyo ni mtu aliyejua hasa ni kifaa gani kimeharibika na akakiepuka. Paris 2024 akachukua dhahabu 3.

Maji ya kichwani

Kuna jambo moja ambalo ningependa makocha wa mchangani walisome hata kama mengine yote watayaruka.

Wachezaji wawili wanagongana vichwa. Mmoja anakaa chini, macho yamelegea. Mtu anakuja mbio na chupa, anammwagia maji kichwani, anampiga makofi mashavuni, anauliza, "Leo tunacheza na nani?" Akijibu, uwanja unashangilia, anarudi mchezoni. Tumeliona mara ngapi?

Mtikisiko wa ubongo ni ubongo kutikiswa ndani ya fuvu mpaka kazi zake zikavurugika kwa muda, hata bila kuzimia na bila damu. Maji hayaufikii. Kinachojulikana na wengi ni hatari ya pigo la pili kichwani. Kisichojulikana ni habari ya miguu. Tafiti zilizokusanywa na kujumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba wanamichezo waliopata mtikisiko wa ubongo, wakisharudi mchezoni, wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata majeraha ya viungo na misuli: vifundo, magoti, nyama za paja. Mtu anasema kichwa hakiniumi tena, na ni kweli hakimuumi, ilhali kasi ya kuchakata haijarudi mahali pake. Anapishana na mpira kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu ya kumi ya sekunde ni milisekunde 100. Rudi kwenye ile hesabu ya Oslo.

Sheria za soka zimelifikiria. Tangu tarehe 1 Julai 2024 mashindano yanaruhusiwa kutenga nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko, ili kocha asione anapoteza mtu. Mchangani hakuna kinachomzuia kocha kumtoa mchezaji na kumweka benchi mpaka aonwe na daktari. Aliyegongwa asirudi siku hiyo, hata akijibu mnacheza na nani.

Goti likipona, nani anabaki mgonjwa?

Kano ina vinyuzi vya fahamu ndani yake. Kila goti likisogea, vinaarifu ubongo goti liko wapi. Kano ikikatika, taarifa hizo zinakatika nazo, na upasuaji unarudisha mkanda bila kuzirudisha zote. Watafiti kama Dustin Grooms wa Ohio wamewaweka watu waliotengenezwa ACL ndani ya mashine za kupiga picha za ubongo, wakiwaambia wakunje na kukunjua goti, na wakaona sehemu zinazohusika na kuona zikifanya kazi zaidi kuliko kwa watu ambao hawajaumia. Ubongo umepoteza ripoti kutoka gotini, sasa unaegemea macho.

Ni kama dereva wa lori aliyevunjikiwa kioo cha pembeni. Barabara ikiwa tupu anaendesha vizuri tu, anageuza shingo, anaona. Mpeleke Kariakoo saa kumi na moja jioni. Mchezaji akiwa mazoezini mbele ya kioo, macho yake yana nafasi ya kulilinda goti. Uwanjani macho hayo hayo yanatakiwa na mpira. Pamoja na hayo huja hofu ya kuumia tena, ambayo nayo inakula umakini, hivyo anayeambiwa "acha woga" anaongezewa mzigo mwingine wa kufikiria. Wataalamu wa viungo hupendekeza kusubiri angalau miezi 9 baada ya upasuaji, na miezi hiyo isiwe ya kunyanyua chuma tu.

Basi iwe ya nini? Msingi unajulikana. Zoezi la kupasha moto la FIFA 11+ lenye dakika kama 20 za kukimbia, nguvu, kuruka na mizani lilijaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 nchini Norway, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Halihitaji jimu, linahitaji kocha asiyelikimbiza.

Juu ya msingi huo ndipo unapoongeza kichwa. Mwanzoni mchezaji anaruka na kutua akijua kila kitu. Akizoea, kocha anataja rangi akiwa hewani, na kila rangi ina upande wake wa kukimbilia. Baadaye anaongezwa mpira, kisha mpinzani. Ni hatua kwa hatua, kwa sababu kumshtukiza asiyejua kutua ni kutafuta jeraha lile lile unalolikimbia. Na maneno ya kocha yana uzito. Tangu majaribio ya Gabriele Wulf ya mwaka 1998, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtu hujifunza tendo vizuri zaidi akielekeza fikra kwenye matokeo kuliko kwenye kiungo chenyewe. "Kunja goti, lisiingie ndani, sukuma nyonga nyuma" inamjaza mtoto kichwa. "Tua nisikusikie" inamwachia mwili ujipange.

Zile programu za simu zinazouzwa kwamba zinanoa ubongo wa mwanamichezo, ukizicheza sana utakuwa hodari wa kuzicheza. Ushahidi kwamba hodari huyo anatua vizuri zaidi uwanjani ni mwembamba. Afadhali rede. Waliocheza wanakumbuka: wawili wanarusha mpira huku na huku, wewe uko katikati unakwepa, na wakati huo huo unatakiwa ujaze chupa mchanga. Macho kwenye mpira, mikono kwenye mchanga, miguu inajua yenyewe. Sidai rede inazuia kano kukatika, hakuna aliyeipima kwa hilo. Nasema umbo lake linafanana sana na yale mazoezi ya maabara yenye majina marefu.

Kijana wa Jumapili ile alifanyiwa upasuaji. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye uwanja ule ule, alasiri, hakuna watu. Alikuwa anaruka juu ya tofali, na binamu yake amesimama nyuma yake na mpira, anasema "kushoto" au "kulia" pale tu miguu inapoachia ardhi, kisha anarusha. Mzee wa pikipiki alikuwa kivulini, kama kawaida yake.

"Wanacheza nini hawa?" akaniuliza.

"Rede, mzee."

"Rede? Ya watoto wa kike?" Akatazama kidogo, akanyamaza. Kijana akakosea mara mbili mfululizo, akakanyaga kulia alipoambiwa kushoto. Mzee akashuka kwenye pikipiki, akapiga hatua hadi kwa binamu na kumnyang'anya mpira.

"Unawahi sana kusema," akamwambia. "Anakusikia kabla hajaruka. Lete huku."